Mzee katolewa mtoto wa jicho, karibu anaona mbali haoni: shida ni lenzi au vipimo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67, mwalimu mstaafu, tuko Nachingwea. Miezi mitatu iliyopita alitolewa mtoto wa jicho la kulia kwenye kambi ya macho akawekewa lenzi. Karibu anaona mpaka anasoma meseji bila miwani, lakini mtu akiwa ng'ambo ya barabara hamjui mpaka amsalimie. Tulimpeleka kupima miwani wakaandika -2.25 / -1.00 x 90, akivaa anasoma mpaka 6/9. Watu wanasema kawekewa lenzi feki, itolewe iwekwe nyingine. Jicho la kushoto nalo lina mtoto wa jicho na anaogopa yasijirudie. Je tusubiri hela ya korosho tumnunulie zile lenzi za gharama za kuona mbali na karibu? Picha ya kadi yake naituma.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mzee nifikishie shikamoo yangu, kanizidi miaka michache tu ila mwalimu ni mwalimu. Kwanza nikutoe kwenye hilo la udaktari, mi sikati jicho la mtu, mi ni mpima macho, kazi yangu hapa Mtwara miaka yote ni kukaa kwenye chumba chenye giza nikiwauliza watu herufi imeelekea wapi, na kabla ya operesheni mi ndo napima jicho ili daktari ajue aweke lenzi ya namba gani. Kwaiyo swali lako limeniangukia mimi hasa, maana nikiangalia hiyo kadi naona aliyeshika kisu alifanya kazi yake vizuri tu, iliyokosekana ni kazi ya watu kama mimi.

Habari ya lenzi feki itoe kabisa kichwani. Umeandika mwenyewe kwamba akivaa miwani anafika 6/9, maana yake akikaa mita 6 anasoma mstari ambao mtu wa macho mazima anausoma akiwa mita 9. Jicho haliwezi kufika hapo kama lenzi ni mbovu, au kama pazia la nyuma limeharibika, au kama kioo cha mbele kina kovu. Jicho la mzee ni zima, ila taa imepigwa shabaha pengine, inakutanisha mwanga kabla ya kufika kwenye pazia, na ndo maana kitu cha karibu kinakaa sawa na cha mbali kinakuwa ukungu.

Na kama ndugu bado wanabisha fanya hivi leo jioni, chukua boksi la dawa ya meno, kata kipande, toboa katikati na ncha ya msumari mdogo, tundu liwe kama milimita moja hivi, sio kubwa. Mzee akae barazani, afumbe la kushoto, aangalie mbali kwa kupitia hilo tundu na jicho la kulia, bila miwani. Kama kibao cha duka la ng'ambo kinakuwa safi zaidi basi shida ni namba, tundu dogo linapunguza ile miale inayotawanyika na jicho linaona kama limevaa miwani. Kama hakuna mabadiliko au kunakuwa kubaya zaidi hapo ndo tungeanza kuwaza mengine, utando nyuma ya lenzi, pazia kuvimba, sukari, presha ya macho. Sisi kliniki tunacho cha plastiki chenye matundu mengi ila kazi ni ileile ya boksi la dawa ya meno.

Sasa turudi kwenye kadi. Kwenye kile kibandiko cha lenzi pameandikwa 22.0, hiyo ndo pawa ya lenzi aliyowekewa. Sawa. Shuka chini kidogo kuna viboksi viwili, kimoja kimeandikwa K kingine AL, vyote vitupu. Hapo ndipo stori yote ilipo mwanangu.

K ni mkunjo wa kioo cha mbele cha jicho, kornea. AL ni urefu wa jicho kutoka mbele mpaka kwenye pazia la nyuma, yaani retina. Ukiwa na hivyo viwili unaweza kukokotoa lenzi gani inamfaa mtu, ukivikosa unabahatisha. Kambi ikijaa, foleni imefika getini, wazee wametoka Liwale juu ya fuso tangu usiku, mashine ya kupimia haipo au umeme umekata, watu wanaamua kuweka lenzi moja ya wastani kwa wote, 21 au 22, kwa sababu macho mengi yanaangukia karibu na hapo. Siwatetei na siwalaumu sana pia, mzee aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni ukimwachia -2.25 umempa dunia, ila mahali ambapo mashine ipo hakuna sababu ya kubahatisha, na mwenye jicho ambalo sio la wastani ndo anayeumia, kama mzee wako.

Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu, we ni mtoto wa mwalimu hautaogopa. Kuna fomula ya zamani ya mwaka 1980 inaitwa SRK, saivi hatuitumii kuamulia lenzi, zimekuja nyingine nzuri zaidi kama SRK/T na Barrett, ila hii ya zamani inafanyika hata kwenye kiganja na ndo inaonyesha mambo wazi. Inasema chukua namba ya lenzi yenyewe ambayo kiwanda kinaitoa, tuseme 118, toa urefu wa jicho mara 2.5, alafu toa K mara 0.9. Jicho la wastani lina urefu wa milimita 23.5 na K tuseme 43.5. 23.5 mara 2.5 ni 58.75, 43.5 mara 0.9 ni 39.15, 118 ukitoa vyote viwili unabaki na 20.1. Hiyo ndo lenzi ya kumfanya mtu huyo aone mbali bila miwani.

Sasa mzee kawekewa 22 akatoka na -2.25 pamoja na -1.00 ya pembeni, ile ya pembeni tunahesabu nusu yake, jumla tuseme -2.75. Dayopta moja (dayopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi) ya lenzi ya ndani inazaa kama 0.7 hivi kwenye miwani, kwaiyo ili kufuta 2.75 alitakiwa apungukiwe karibu 4 kwenye lenzi, yaani angewekewa kama 18 na kitu. Rudi kwenye fomula uulize, jicho la urefu gani linataka lenzi ya 18 na kitu? Ukiweka 24.2 inakuja 18.35. Umeona? Milimita 24.2 badala ya 23.5. Sio jicho la ajabu hata kidogo, tofauti ni 0.7 ya milimita, unene wa kadi ya benki haufiki hata milimita moja na huu ni pungufu ya huo, na ndo imemfanya mzee asimjue jirani mpaka asalimiwe. Hayo makadirio yangu ni ya mezani, K yake siijui inaweza kuwa imechangia, ila mwelekeo ndo huo.

Milimita moja ya urefu ukikosea umekosea dayopta 2.5 mpaka 3. Hakuna kitu kingine kwenye operesheni nzima chenye adhabu kali namna hiyo.

Na usidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Mtu wa kwanza kabisa duniani kuwekewa lenzi ndani ya jicho aliwekewa London, hospitali ya St Thomas', tarehe 29 Novemba 1949, na daktari Harold Ridley. Ridley aliwahi kuwatibu marubani wa vita waliopasukiwa na vioo vya plastiki vya ndege, akaona vile vipande vimekaa ndani ya macho na jicho halivikatai, akawaza basi tutengeneze lenzi kwa plastiki hiyohiyo. Wazo likafanya kazi, lenzi ikakaa, lakini pawa ikapitiliza vibaya mno, yule mgonjwa wa kwanza alitoka na uoni wa karibu wa zaidi ya dayopta 10. Zaidi ya kumi! Mzee wako na 2.25 yake anaweza kumcheka. Mpaka walipojifunza kupima urefu wa jicho kabla ya kulipasua ndo mambo yakaanza kukaa kwenye mstari, na hata leo haikai kwa asilimia mia, Uingereza mwaka 2009 walipendekeza kipimo cha kuridhika kiwe asilimia 85 ya wagonjwa waangukie ndani ya dayopta 1 ya walicholenga, na asilimia 55 ndani ya nusu dayopta, na hao wana mashine za kila aina. Kwaiyo mtu akikwambia atakupa jicho la sifuri kamili, guaranti, mkimbie.

Ile -1.00 x 90 nayo nisiiache. Operesheni za kambini nyingi ni zile za kidonda kidogo bila mashine kubwa, zinaacha mlango wa milimita 6 au 7 hivi pembezoni mwa kioo, mara nyingi upande wa juu chini ya kope. Mlango huo ukipona unalegeza kioo kwa wima, kinakuwa kimekunjika zaidi kwa ulalo kuliko kwa wima, kama mpira uliobanwa kwa pembeni, na namba yake inakuja hivyohivyo kwenye 90. Ndo astigmatizimu hiyo. Sio kosa, ni gharama ya mlango. Wapasuaji wengi wakiona mtu tayari ana mkunjo wa namna hiyo tangu awali wanahamishia mlango upande wa sikio ili usizidi, na hilo ni jambo la kumuuliza kwa adabu daktari atakayefanya jicho la kushoto, ila ili ajibu lazima K ipimwe kwanza, unaona tunavyorudi palepale.

La kutoa lenzi ya kulia na kuweka nyingine mi nasema hapana. Inawezekana, inafanyika, ila miezi mitatu imepita na kifuko kinachoshika lenzi kimeshaanza kuing'ang'ania, kuichomoa kunaweza kupasua kifuko na ukatoka na tatizo kubwa kuliko ulilokwenda nalo, yote hiyo kwa namba ambayo miwani ya kawaida inaimaliza. Ingekuwa -6 ningekuwa nakuambia habari nyingine. Mnunulie mzee miwani ya mbali sasa hivi aanze kuvaa, miezi mitatu kidonda kimeshatulia na namba haihami tena, kwa kawaida operesheni za namna ile tunasubiri wiki 6 mpaka 8 ndo tunaandika miwani, nyie mmeshapita. Ila fremu chukua nzuri na lenzi za kawaida tu, kwa sababu jicho la kushoto likifanyiwa itabidi kubadili.

Haya, jicho la kushoto. Hapa ndo nataka ukae vizuri maana hili bado lipo mikononi mwenu.

Kwanza msisubiri likomae. Wazee wetu wengi wanaambiwa mtoto wa jicho akomae kwanza ndo atolewe, ilikuwa kweli zamani sana, saivi akikomaa akawa mweupe kama tui ndo anatuharibia vipimo. Kuna mashine nzuri inayopima urefu wa jicho kwa mwanga, haigusi jicho, inakosea kidogo mno, lakini mwanga lazima upite mpaka kwenye retina urudi, mtoto wa jicho akiwa mzito haupiti, mashine inagoma. Tunabaki na ya sauti, A-skani, ultrasaundi ya macho, ambayo inapenya kila kitu ila inategemea mkono wa mpimaji.

Na mkono wa mpimaji nitakusimulia ulivyo, maana wangu ndo ulionifunza. Mgonjwa anakaa, namtia tone la ganzi, namwambia aangalie kitaa chekundu, alafu nagusisha kalamu ya mashine katikati ya kioo cha jicho. Kwenye skrini inakuja milima minne, wa kwanza kioo, wa pili mbele ya lenzi, wa tatu nyuma ya lenzi, wa nne retina, na huu wa nne lazima usimame wima kama mnazi usio na upepo, nyuma yake vifuate vilima vidogo vinavyoshuka, hayo mafuta ya nyuma ya jicho. Kama vilima havipo basi sauti imeingia kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, futa, anza upya. Sasa ukibonyeza. Jicho ni laini kama papai bivu, ukigusa kwa nguvu kidogo tu kioo kinaingia ndani, urefu unapungua 0.2, 0.3, mashine inasema jicho ni fupi, fomula inasema weka lenzi kali, mgonjwa anatoka haoni mbali. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nabonyeza na sijui kama nabonyeza, wagonjwa wangu wote walikuwa wanatoka na -0.75, -1.00, upande uleule, mpaka mkubwa wangu wa kazi akachukua faili 20 akazipanga mezani akaniuliza we hapa unaona nini. Niliona aibu mpaka leo. Akanionyesha pa kuangalia, kuna namba ya kina cha chumba cha mbele, ile nafasi kati ya kioo na lenzi, kipimo cha kwanza kimesoma 3.1, cha pili 3.1, cha tatu 2.7, huyo wa tatu umebonyeza, mfute. Tunachukua vipimo 8 au 10, tunabakiza vinavyofanana.

Kubonyeza peke yake kusingeweza kumfikisha mzee wako kwenye 2.75 ndo maana nimesema ni lenzi ya kubahatisha, ila kwenye jicho la pili msitoke kwenye kubahatisha mkaingia kwenye kubonyezwa.

Mambo ya kuangalia siku ya vipimo ni haya, na we ndo uwe jicho la mzee siku hiyo. K ipimwe kabla ya kitu chochote kugusa jicho, kabla ya ganzi, kabla ya kupima presha ya jicho, maana kioo kikishaguswa kinabadilika kwa muda na keratometa, mashine inayopima K, itasoma uongo. Dayopta moja ya K ukikosea umekosea karibu dayopta moja kwenye miwani. Macho yote mawili yapimwe, hata la kulia lililokwisha kufanyiwa, wengi wanaliruka. Macho ya mtu mmoja ni mapacha, urefu wake kwa kawaida haupishani zaidi ya 0.3 ya milimita, la kulia likisoma 24.2 na la kushoto likasoma 23.3 mtu arudie, kuna mmoja kadanganya. Ila mwambieni mpimaji kwamba la kulia lina lenzi ya plastiki, mashine ina seti yake kwa ajili hiyo, sauti inapita kwenye plastiki kwa kasi tofauti na lenzi ya asili, asipobadili atapata urefu usio wenyewe.

Mzee ana nyama ya jicho? Ile inayoota kutoka kwenye kona ya pua na kupanda juu ya mboni, kwa wavuvi wetu wa huku pwani ni kawaida mno, jua na upepo na chumvi, na wakulima nao wanayo. Kama ipo na imeingia kwenye kioo inavuta mkunjo, K inakuwa sio yake. Bora itolewe kwanza, wasubiri miezi kadhaa kioo kitulie, ndo wapime. Na kope zinazoota kwa ndani zile za trakoma, zikishachubua kioo hali ni hiyohiyo. Sukari nayo, kama anayo iwe imetulia wiki hizo za vipimo, sio leo 6 kesho 18.

Alafu kitu kikubwa kuliko vyote ambacho watu wanakisahau: bebeni karatasi ya jicho la kulia. Kadi yenye ile 22.0 na karatasi ya miwani yenye -2.25 / -1.00. Kwa sisi wapimaji hiyo ni dhahabu. Kwa mtu mpya tunakisia lenzi itakaa kina gani ndani ya jicho lake, kwa mzee hatukisii tena, jicho la kulia limeshajibu. Wakipima urefu na K ya kulia sasa, wakaingiza kwenye fomula na lenzi ya 22, mashine itasema ilitarajia namba fulani. Tuseme ilitarajia -2.00 na uhalisia ni -2.75, basi jicho hili lina tabia ya kwenda upande wa hasi kwa 0.75, na utaratibu uliozoeleka ni kusahihisha nusu ya hiyo tofauti kwenye jicho la pili, sio yote, nusu. Hiyo ni faida ambayo haikuwepo kwenye kulia na hailipiwi hata senti.

Sasa linakuja swali ambalo hakuna mashine ya kulijibu, tulenge wapi? Watu wengi wanasema sifuri bila kufikiri. Kuna mama mmoja fundi cherehani wa Mikindani nilimpimia, tukamlengea sifuri, tukapiga sifuri kweli, mi natembea kifua mbele, akarudi amekasirika, ananiambia mwanangu umenipa macho ya kuonea mashua, mi nataka ya kuonea tundu la sindano. Alikuwa anashona bila miwani tangu usichana kwa sababu alikuwa na uoni wa karibu kidogo, sisi tukamnyang'anya. Tangu hapo nauliza kwanza mtu anafanya nini na siku yake.

Kwa mzee wako kuna njia tatu. Kulenga kushoto iwe sifuri, mbali ataona vizuri na karibu atatumia kulia, lakini macho yatapishana karibu 2.75, wengine wanazoea na wengine wanasikia kizunguzungu, hawakadirii ngazi, na akivaa miwani ya kusawazisha yote mawili ndo kizunguzungu zaidi kwa sababu lenzi moja inapunguza picha kuliko nyingine. Ya pili ni kulenga -2.25 kama mwenzake, macho yanafanana, anasoma magazeti bila miwani mpaka mwisho, ila mbali miwani maisha yote. Ya tatu ni katikati, -0.75 mpaka -1.00. Mi ningekuwa ni mimi ningechagua hii ya tatu. Kushoto kutampa mbali ya kutosha kutembea, kumjua mtu, kuona korosho iliyoanguka, sio ya kusoma kibao cha basi linalokuja kasi, kulia kunabaki na meseji, tofauti ya macho haizidi 2 ambayo ubongo wa wengi unaivumilia, na siku ya harusi au safari anavaa miwani na inakaa. Ila muulizeni mwenyewe. Mwalimu mstaafu anaweza kukwambia mi kusoma ndo maisha yangu, mbali hakuna ninachokitafuta, na hapo ya pili ndo yake. Mkishaamua mwambieni daktari kwa namba, sio "aone vizuri", kila mtu anataka aone vizuri.

Zile lenzi za gharama za mbali na karibu, hela ya korosho iacheni ifanye mengine. Zinagawanya mwanga, zinataka vipimo vya usahihi wa juu kabisa, zinataka astigmatizimu iwe ndogo mno, usiku zinaleta miduara kwenye taa za magari, na zinapendeza zikiwekwa macho yote mawili wakati mzee kulia tayari ana ya kawaida. Lenzi ya kawaida iliyopimwa vizuri inaipiga bao lenzi ya gharama iliyobahatishwa, kila siku. Ile nyingine ya kurekebisha astigmatizimu, tusubiri K ya kushoto isemeje, chini ya dayopta 1 sioni haja, na ikiwekwa lazima ikae kwenye nyuzi zake barabara, kila nyuzi moja inayozunguka inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu, ikizunguka 30 ni kama haipo.

Mahali pa kwenda mna uchaguzi, hospitali ya Ndanda, ya Nyangao, Sokoine pale Lindi mjini, au mje huku Mtwara, kabla ya kulipa nauli pigeni simu muulize siku hiyo mashine ya kupima urefu wa jicho na keratometa vinafanya kazi, msiulize kama daktari yupo tu. Nauli ya Nachingwea kwenda na kurudi bure inauma.

Karatasi ya kushoto ikitoka nitumie kabla ya siku ya operesheni sio baada, nataka nione AL ya macho yote mawili, K zote mbili, kina cha chumba cha mbele na namba ya lenzi waliyochagua. Na upige picha mchana dirishani, hii ya kadi uliyotuma kidole chako kimeziba tarehe.